Kobe Aliyepakwa Mawese

Juma lililopita mama yangu aliingia chumbani kwangu na kijiko cha mawese ya uvuguvugu. Akakaa kitandani, akamlaza binti yangu mchanga mapajani, akachovya kidole kwenye mafuta na kuanza kumpaka utosini polepole, midomo ameibana kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Harufu ile ilinipanda puani moja kwa moja, nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka mshono ukaniuma. Mume wangu, mtu wa Kisangani, alidhani homa imenipanda kichwani, akauliza kama aite muganga wa hospitali. Mama hakuuliza kitu. Aliendelea kupaka, halafu akasema bila kunitazama, "Miye najua inakuchekesha nini. Ni ile kobe yako." Na yeye akashindwa kujizuia, tukacheka wote wawili, mtoto anatikisika mapajani bila kujua kosa lake.

Mume wangu alitaka kuelezwa. Nilipomweleza, alisema haiwezekani, hakuna mtoto mjinga namna hiyo. Ndiyo maana nawaandikia ninyi tuliokua pamoja Bunia, mliobeba maji kwa bidoni za njano na kusoma masomo kwa mwanga wa simu ya baba. Ninyi mtaniamini, kwa sababu ninyi pia mlilelewa na koko.

Tulikaa Rwambuzi, kwenye parseli yenye nyumba yetu mbele na chumba kimoja cha kupangisha nyuma, karibu na jiko. Papa alikuwa fundi wa kushona. Mashine yake ilikaa barazani, na mabaki ya vitenge yalikuwa kila mahali, mpaka ndani ya kopo la sukari. Nilikuwa na miaka minane, mtoto wao wa pekee kwa muda mrefu sana hata niliamini Mungu amefunga duka. Halafu akafungua. Mama akamzaa Baraka, na siku ya tatu Koko, mama yake Mama, akashuka kwenye lori kutoka Mahagi na bidoni ya mawese, samaki wa kukauka wa ziwani, na sheria zake.

Sheria za Koko zilikuwa nyingi na hazikuandikwa popote, kwa hiyo hukuweza kuzipinga. Mtoto mchanga haoni jua mpaka yeye aseme. Dirisha linafunikwa kitenge. Mbabula ya makaa inawaka chumbani hata mchana, mpaka sisi wote tukanuka moshi kama samaki wake. Anayetoka njiani haendi moja kwa moja kwa mtoto, anakaa kwanza barazani, upepo wa njia umtoke. Na utosi unapakwa mawese mara tatu kwa siku. Aliniita nione mwenyewe. "Tazama hapa panapigapiga. Kichwa yake haijafunga bado. Jua ikiingia hapa, ao baridi, ao kidole ya mutoto mutundu sawa weye, basi." Hakueleza hiyo "basi" ni nini, na sikuthubutu kuuliza. Juma zima nilitembea ndani ya nyumba mikono nyuma, kama inspekta wa shule.

Nisiwafiche: nilikuwa na wivu. Baraka nilimpenda, sana tu, lakini nyumba nzima ilikuwa yake. Mama alikuwa wake, Koko wake, hata mashine ya Papa ilishona vikofia vyake tu. Nilitaka na mimi kiwepo kitu kimoja duniani ambacho kikilia, kinanililia mimi.

Wakati huohuo mpangaji wetu, kijana mmoja aliyetengeneza redio, alihama. Aliaga asubuhi, saa sita chumba kilikuwa wazi. Papa alinichukua nimsaidie kufagia. Nyuma ya mlango tulikuta ndoo ya plastiki imefunikwa kipande cha mbao, na ndani yake, juu ya mkate mkavu na wali uliogeuka mawe, alikaa kobe mdogo asiyezidi kisahani cha chai. Alitoa shingo, akatutazama mmoja baada ya mwingine, akairudisha. Alikuwa na shingo ndefu yenye mikunjo, kichwa kisicho na unywele hata mmoja, na macho ya mtu aliyechoka na makelele. Alifanana na mkuu wetu wa shule hasa. Nikamwita Direktere palepale, kabla hata hajatoka kwenye ndoo.

Papa alimgeuza huku na huku. Mgongo wake ulikuwa umepauka, umeinuka vinundu upande mmoja na kuzama upande wa pili. Papa akaweka kidole gumba juu na kubonyeza kidogo. Mgongo ukabonyea. Ganda la kobe, jamani, lile tunaloambiwa hata tembo halivunji, lilizama chini ya kidole cha Papa kama biskuti iliyoingia chai.

"Hii haitapona," alisema. "Tuipeleke kwenye majani kule mutoni, ikufie kwao."

"Papa, niachie."

"Utaifanya nini, Solange? Haina nguvu ya kutembea."

Nilishika suruali yake, nikalia kile kilio cha mtoto anayejua baba yake ni mlaini. Papa akakuna kichwa. Ubatizo wa Baraka ulikuwa bado mbali, kwa sababu mama wa batizo alikuwa Mahagi na njia ilikuwa haipitiki vizuri. Papa akashika hiyo.

"Sawa. Mupaka ubatizo ya Baraka. Siku ile batu batajaa humu, sitaki nyama ya kuoza kwenye parseli yangu. Kama mugongo yake ingali laini siku ile, inatoka. Sitaki machozi."

"Na kama imekauka?"

"Kama imekauka, iko yako."

Sasa sikilizeni jinsi akili ya mtoto inavyotembea. Kuna mahali laini kichwani kwa Baraka, na Koko alisema mahali laini ni pale ambapo hapajafunga. Direktere alikuwa laini mgongo mzima. Kwa hiyo Direktere alikuwa utosi mtupu, kuanzia shingoni mpaka mkiani! Nilishangaa Papa hakuliona jambo rahisi kama hilo. Nilimhurumia, mwanamume, angejua wapi mambo ya watoto wachanga. Mimi nilikuwa na mwalimu ndani ya nyumba.

Nikaanza kazi siku ileile. Nilimtengenezea Direktere kitanda cha mabaki ya vitenge ndani ya katoni, nikaisukuma chini ya kitanda changu mpaka ukutani, mahali jua lisingefika hata likitaka. Nilining'iniza shuka mbele kuwa pazia. Mbabula ya chumba cha Mama ilipotolewa kumwagwa majivu, niliiba makaa mawili kwenye kopo nikayaweka karibu naye apate joto. Chakula chake kilikuwa uji wa soya, ule ambao Mama alikunywa ili maziwa yaje, nampa kwa ncha ya kijiko. Na mara tatu kwa siku, Koko alipomaliza kwa Baraka, niliingia na kikombe cha plastiki nikamimina mawese mgongoni kwa Direktere. Nilimimina, sikumpaka. Nani angethubutu kupaka? Koko alisema kidole kikigusa, basi. Nilimbeba kwa kushika pembe nne za kitenge, kama wanavyobeba mgonjwa, na kidole changu hakikumgusa hata siku moja.

Hapo ndipo kosa langu lilipojificha. Kama ningemgusa, ningejua kwamba mgongo bado unazama. Lakini kwa heshima yangu yote, kwa adabu yangu yote, nilikaa majuma mawili nimemwangalia tu aking'aa mafuta kwenye giza, nikajisifu. Hata niliwaza kwamba analala sana kwa sababu amestarehe.

Wakati huo chumba cha nyuma kilipata mtu. Alikuja mama mmoja kutoka Fataki, Mama Lotsove, na binti yake mkubwa ambaye ndiye Lotsove mwenyewe, na godoro moja, na kikapu chenye kuku watano. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde. Papa alimuuliza kama hao kuku hawatakula bustani ya Mama. Akajibu, "Papa Solange, hizi kuku zimetembea mingi kuliko weye. Zina adabu." Papa akampa ufunguo.

Siku moja baada ya shule nilifungua pazia langu nikakuta siafu. Walikuwa wamefuata uji na mafuta, wamepanga mstari mpaka kwenye katoni. Nilimtoa Direktere mbio, nikampeleka nyuma ya jiko na kumpukutia. Hakutoa shingo. Macho yalikuwa yamevimba, yamefungwa, miguu ya nyuma inaning'inia. Mafuta, vumbi na majivu vilikuwa vimegandana mgongoni mwake vikawa matope mekundu. Nikajua anakufa. Nikajua pia kwamba aliyemuua ni mimi, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa naye. Nilikaa chini kwenye kuni nikalia bila sauti, kile kilio kibaya.

Mama Lotsove alikuja kuchukua moto. "Kyee! Mutoto, nani amekupiga?"

"Hakuna. Utosi yake haifungi."

"Utosi ya nani?"

Nikafunua kitenge. Nikamweleza yote: giza, makaa, uji, mawese mara tatu. Alisikiliza uso umetulia kabisa, kisha midomo ikaanza kumcheza, kisha akaketi chini kwa kishindo na kucheka mpaka kuku wake wakakimbia. "Mungu wangu! Unailea kobe sawa mujukuu! Bado tu kuifunga mugongoni!" Nilikuwa nimemfunga mgongoni mara mbili, lakini sikusema.

Alipoona machozi yangu yanazidi, aliacha kucheka. Alimchukua Direktere kwa mkono mtupu, kidole gumba juu ya ganda, nikafumba macho kungojea ile "basi." Haikuja. "Iko laini kweli," alisema. "Sikiliza. Kobe miye siijui. Ganda, najua. Kule Fataki, ile wakati mubaya ya vita, tulifungia kuku ndani ya nyumba mwezi muzima. Madirisha zote zimefungwa, tunazipa bugali tu. Zikaanza kutaga mayai bila ganda. Unashika yai, inakuteleza sawa mufuko ya maji."

"Zilikuwa na utosi?" niliuliza, kwa sababu sikuona sababu nyingine ya kumfungia mtu gizani.

"Hapana, mama. Ni siye tulikuwa na woga." Akafuta pua ya Direktere kwa pembe ya kitenge chake. "Tulipofungua, jua ikazipiga, zikakula majani, tukazisagia maganda ya mayai ya zamani. Ganda ikarudi. Kitu yenye kubeba ganda inataka jua, na inataka kukula ganda. Leta maji ya moto kidogo, na buroshi ya meno yenye hamupendi."

Alimwosha kwa maji ya uvuguvugu na povu dogo la sabuni, akasugua kati ya vinundu mpaka mawese yote yakatoka. Kisha akatandika gunia uani, akamweka Direktere juu yake, kichwa kwenye kivuli cha jani la ndizi, mgongo mzima kwenye jua la alasiri lililokuwa limepoa.

Kwenye jua! Utosi mtupu! Nilivumilia kwa muda wa kuhesabu mpaka ishirini, halafu nikakimbilia ndani nikipiga kelele, "Koko! Koko! Mupangaji ameweka utosi kwenye jua!"

Masikini Koko. Alisikia utosi, akawaza Baraka. Alitoka chumbani kama risasi, kandambili moja mguuni, nyingine mkononi tayari kwa vita. Alipofika uani akasimama. Akatazama gunia. Akatazama Mama Lotsove. Akanitazama mimi, na kikombe changu cha plastiki chekundu kwa mafuta ambacho nilikuwa nimekisahau juu ya kuni.

"Kumbe," akasema taratibu. "Kumbe ni weye unanimalizia mawese yangu. Na miye nimemusingizia mukwe wangu mbele ya Mungu."

Papa, barazani, akasimamisha mashine. "Nilisema si miye!"

Lakini Koko hakuwa mtu wa kushindwa uani kwake, hata kama uani si kwake. Alivaa kandambili yake, akajinyoosha. "Hata hivyo, mutoto hana kosa. Kitu laini tunaifunika. Miye nililea watoto tisa, na hakuna hata mumoja aliyewekwa kwenye jua sawa samaki."

Mama Lotsove alipiga goti kidogo, kama inavyotakiwa mbele ya mtu mzima. "Mama, pardon. Mutoto ya mutu ananyonya, nguvu inamufikia kwenye giza. Hii itanyonya kwa nani?"

Koko akasogea mpaka kwenye gunia. Akainama kumtazama Direktere kwa karibu, kana kwamba anatafuta titi la kumnyonyesha. "Ehe," alisema mwishowe. "Hiyo sikuifikiri." Na kwa Koko, jamani, hiyo ilikuwa sawa na kupiga magoti kanisani.

Kuanzia hapo nilibadili kazi. Asubuhi kabla ya shule nilimweka Direktere kwenye sahani yenye maji ya uvuguvugu, akanywa muda mrefu, koo linapanda na kushuka. Siku ya tatu macho yalifunguka. Kisha jua la asubuhi, kivuli karibu yake akimbilie akichoka. Chakula ndicho kilichotushinda. Alizoea mkate na uji wa sukari, kama mtoto wa tajiri, akawa anageuza shingo akiona majani. Nilimpa lengalenga, akapita juu yake. Nilimpa majani ya kiazi, akayalalia. Siku ya nne nilivunjika moyo nikampa kipande cha mkate kwa siri, na Mama Lotsove akajua, sijui alijuaje. "Unamuhurumia ao unajihurumia?" aliniuliza. Nilikasirika sana kwa sababu ilikuwa kweli. Siku ya sita nilimwekea ua la boga, la njano, lililochanua asubuhi ile, akalinyoshea shingo, akalitazama, akalipasua kwa mdomo wake mgumu na kulimaliza lote na kikonyo chake. Nilipiga kelele hata wapita njia wakasimama langoni. Kutoka maua alihamia majani, na mvua ilipoanza kunyesha alijitafutia mwenyewe chakula ambacho hakuna aliyempa: konokono. Alimtafuna mzima, kacha kacha, na nyumba yake mgongoni. Mimi niliona vibaya, kama mtu anayekula binamu yake, lakini Mama Lotsove alifurahi. "Si nilikuambia? Inatafuta ganda."

Maganda ya mayai ilikuwa kazi yangu. Kuku watano hawakutosha, hasa kwa kuwa Mama Lotsove alisaga nusu kwa ajili yao. Nikawa napita kila siku kwa mama mmoja aliyeuza mayai ya kutokosa karibu na soko la Nyakasanza, pale watu wanapokula wamesimama, na chumvi na pilipili, wakiangusha maganda chini. Niliokota kati ya viatu vyao, naweka kwenye kopo la vifungo la Papa. Mwanzoni yule mama alinifukuza, akidhani nina njaa, halafu akanipa yai zima, halafu nikamweleza, halafu akaanza kuniwekea maganda kwenye mfuko. Shuleni waliniita Mama Maganda. Nilipigana na wawili. Nyumbani niliyaosha, nikayakausha juu ya mbabula, nikayasaga kwa jiwe mpaka yakawa unga, nikanyunyizia kwenye lengalenga kama mtu anayetia chumvi.

Nilipokuwa shuleni, nani alimlinda na mwewe? Koko. Alisema hamlindi, amekaa tu. Alihamisha kigoda chake mlangoni, fimbo mapajani, macho juu. Baada ya muda nilirudi nikamkuta na Baraka mikononi, uani, kofia mpaka kwenye nyusi, miguu yake minene nje kwenye jua la asubuhi iliyochelewa. "Moshi ya mule ndani inaniumiza macho," alisema kabla sijafungua mdomo. Mama alikuwa nyuma yake akicheka bila sauti. Naye alikuwa ametoka, kwa mara ya kwanza tangu Baraka azaliwe, na alikuwa amekaa kwenye mkeka ananifanyia nafasi. Nilikaa, nikaweka kichwa kwenye bega lake. Sikumbuki tulizungumza nini.

Miezi ilipita. Siku moja Mama Lotsove aliniita, akanionyesha kwa ncha ya kijiti. Kuzunguka kila kigae cha mgongo wa Direktere ulikuwa umetokea mstari mwembamba, mweupe kama kucha changa, na ulikuwa umelala sawasawa, bila kinundu. "Hii ni mupya. Inakuja vizuri." Nilimuuliza kama vile vinundu vya zamani vitashuka. Akatikisa kichwa. "Pale palipopinda patabaki vile. Hatugombani na ya zamani. Tunaangalia mupya." Alisema hivyo huku anawamwagia kuku wake mahindi, kisha akahesabu watano kwa kidole, kama alivyofanya kila jioni.

Mstari ukapanuka, ukawa wa kahawia. Direktere akaanza kutembea kifua juu, miguu imenyooka, akasukuma mlango wa jiko kwa kichwa. Lakini mimi sikubonyeza. Kila mtu aliniambia bonyeza, ujue, na mimi nikasema kesho. Nililala nikiwaza kidole cha Papa kinazama. Nilijiambia kwamba nisipobonyeza, bado kuna tumaini, na kama mnajua neno la kumshinda mtoto wa namna hiyo, niambieni, kwa maana mpaka leo naogopa kufungua barua.

Kisha njia ya Mahagi ikafunguka, mama wa batizo akafika, na Jumapili ya ubatizo ikafika. Papa alinishonea gauni jeupe lenye mkanda wa kitenge, kwa mara ya kwanza tangu vile vikofia. Parseli ilijaa watu, viti vya jirani, sufuria za wali na sombe, redio ya mtu. Baraka alikuwa na miezi minane sasa, amekaa kwenye mkeka katikati ya uani na nguo zake za ubatizo, anachezea mwiko ambao Koko alimpa ili anyamaze. Nilikuwa nimemficha Direktere nyuma ya jiko chini ya kikapu, na jiwe juu. Niliwaza Papa amesahau. Kumbe Direktere hakukubali kufichwa, alisukuma kikapu na jiwe lake vyote mpaka vikapinduka.

Nilimwona nikiwa na sinia ya glasi mikononi. Alikuwa anapita kati ya miguu ya wageni, shingo mbele, anakwenda kwenye sahani ya lengalenga iliyokuwa kando ya Baraka. Baraka akamwona. Akainua mwiko kwa mikono miwili, juu kabisa, kama mtu wa kutwanga. Mwiko ukashuka katikati ya mgongo.

Ulitoa mlio mkavu, kama mgeni aliyebisha mlango kwa fimbo. Watu wakageuka. Baraka akapenda, akapiga tena, na tena. Direktere akaingiza shingo, akangoja makelele yaishe, akaitoa, akaendelea na safari yake mpaka kwenye mboga.

Papa alisimama. Alivuka uani na koti lake la kanisani, akamwinua, akaja kuniwekea mbele. Nikajua hakusahau. "Solange. Ile siku ya kwanza nilibonyeza miye. Leo ni weye."

"Papa, kesho."

"Leo ndiyo ubatizo."

Niliweka sinia chini. Nikampokea kwa mikono yangu, siyo kwa kitenge, tumbo lake baridi kwenye viganja. Mama Lotsove alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba chake na kijiko cha wali hewani. Mama alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. "Bonyeza, mama," Koko alisema kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake. Nikaweka kidole gumba pale katikati, nikafumba macho na kubonyeza kwa nguvu zangu zote, nguvu za kubeba maji, nguvu za kupigana shuleni.

Kilichopinda kilikuwa kidole changu.

Papa akasema, "Basi, iko yako," lakini sikumsikia vizuri, kwa maana nilikuwa nalia kwa sauti kubwa mbele ya wageni wote, na Direktere, aliyechoka kushikwa, alikuwa amenikojolea gauni jipya kuanzia kwenye mkanda mpaka chini.